Jua la Pili Mbele ya Dereva

Kila akaaye kando ya barabara kuu namba 4, iwe Beni, Mavivi, Mbau au Oicha, ajua ya kuwa kuna nyakati mbili kwa siku ambapo njia hujaa watu kuliko wakati mwingine wowote. Wakati wa kwanza ni asubuhi, watoto waendapo shule na mama zao waendapo mashambani. Wakati wa pili ni jioni, watu warudipo na mizigo ya mihogo, kuni na ndizi, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wengine wakisukuma chukudu. Nyakati hizo ndizo jua lilipo chini, na ndizo dereva aonapo vibaya kuliko saa zote za mchana. Mambo hayo mawili kukutana pamoja ni hatari kubwa.

Watu wengi husema, “Jua lilimpiga machoni,” kisha hunyamaza, kana kwamba jambo hilo halina dawa. Ni kweli kwamba hakuna awezaye kulizuia jua lisichomoze. Lakini katika mwanga umpigao dereva, sehemu moja haitoki angani moja kwa moja, bali yatoka kwenye gari lake mwenyewe, yaani juu ya boneti, ile ambayo wengi wetu huku Kivu huiita kapo. Sehemu hiyo ina dawa, tena ya bei ndogo. Ndiyo tutakayoieleza leo.

KWA NINI BONETI HUNG’AA

Tutazame kwanza jikoni. Sufuria iliyosuguliwa kwa majivu ikiwekwa juani huwaka kama kioo, hata mtu hugeuza uso. Sufuria ileile, ikiwa imekaa juu ya kuni na kushika masizi, haimsumbui mtu jicho, hata ikikaa juani siku nzima. Jua ni lilelile na sufuria ni ileile. Kilichobadilika ni uso wake.

Uso laini huurudisha mwanga wote upande mmoja, kama vile mpira urukavyo ukipigwa sakafuni: ukija kwa mshazari, hutoka kwa mshazari uleule upande wa pili. Jicho likiwa mahali ambapo mwanga huo hutokea, huona jua zima ndani ya uso ule. Lakini uso wenye chembechembe ndogo, kama masizi, turubai au udongo mkavu, huutawanya mwanga pande zote, kwa hiyo kiasi kidogo tu hufika jichoni. Tena rangi nyeusi humeza mwanga mwingi, na nyeupe huurudisha karibu wote.

Basi, tusichanganye mambo hayo mawili. Boneti nyeusi inayong’aa bado ni kioo. Nayo boneti nyeupe isiyong’aa bado hutoa mwanga mwingi, kama karatasi iliyowekwa juani. Itufaayo ni ile yenye sifa mbili kwa pamoja: iwe ya rangi ya giza, tena isiwe na mng’ao. Wanafunzi walifahamu hilo bila kuambiwa, kwani ubao wa darasa hupakwa rangi nyeusi isiyong’aa kwa sababu hiyohiyo. Ubao ukiwa umelainika kwa kufutwa miaka mingi, aketiye upande wa pili wa dirisha haoni herufi; huona dirisha tu.

JUA LA CHINI HALINA KIZUIZI

Mbele ya kila dereva kuna kibao kidogo kilichofungwa juu ya kioo, ambacho hukishusha ili kuzuia jua. Kibao hicho huzuia jua la juu. Je, kiko wapi kibao cha kuzuia mwanga utokao chini? Hakipo. Mwanga wa boneti hupita chini ya kibao na kuingia machoni. Tena huingia kutoka upande ambao dereva hawezi kuacha kuutazama, kwa maana mara tu baada ya boneti huanza barabara, na juu ya barabara ndipo alipo mtoto.

Sisi tukaao karibu na ikweta twalijua jua letu. Mji wa Beni uko yapata nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, na Mavivi iko kilomita chache kaskazini ya Beni. Hapa jua hupanda karibu wima, yapata digrii 15 kwa saa. Kwa hiyo, dakika 40 hivi baada ya kuchomoza, huwa yapata digrii 10 juu ya upeo wa macho. Mwanga ujao kwa mshazari wa namna hiyo juu ya rangi ya gari iliyolala na kung’aa hurudishwa zaidi ya theluthi moja, hata kama rangi hiyo ni nyeusi. Jua likiwa utosini, mng’ao wa rangi hiyohiyo hurudisha sehemu 4 hivi tu kati ya 100. Ndiyo sababu asubuhi na jioni boneti huwa kioo kikali, hali saa sita mchana hatuisikii sana.

Barabara ya Mavivi kwenda Oicha huelekea zaidi kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi huja ubavuni, na humjia dereva usoni katika baadhi ya kona. Barabara ya Beni kwenda Kasindi ni ngumu zaidi. Kutoka Beni hadi Bulongo huelekea zaidi mashariki, na mbele yake ni milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake cha juu hufika mita 5,109. Siku isiyo na mawingu, jua hutokea juu ya milima likiwa limekwisha kupanda kidogo, nalo humkuta dereva ghafula. Jioni, arudiye Beni hulikuta tena mbele yake upande wa magharibi. Na mvua ikiwa imetoka kunyesha, barabara yenyewe pamoja na boneti huwa maji matupu, na mng’ao huzidi.

Tufanye hesabu ndogo. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 katika sekunde moja. Dereva akifumba macho au kupofushwa sekunde 2 tu, gari lake limekwenda mita 33 bila mtu kuliongoza kwa macho. Umbali huo waweza kutosha kupita mbele ya madarasa matatu au manne ya shule ya msingi. Watoto wangapi husimama mahali hapo kengele inapolia?

WENGINE WALIFANYA NINI

Shauri la kufunika boneti si jipya. Marubani walilijua zamani, kwa sababu rubani naye hutazama juu ya pua ya ndege yake kama dereva atazamavyo juu ya boneti. Katika vita kuu ya pili, kuanzia mwisho wa mwaka 1943 na mwaka 1944, jeshi la anga la Marekani liliacha kupaka rangi ndege zake nyingi. Zikabaki na bati lao jeupe la alumini, ili ziwe nyepesi na kazi ya kuzipaka ipungue. Lakini sehemu moja haikuachwa: mbele ya kioo cha rubani palipakwa rangi ya giza isiyong’aa. Ndege za namna ya P-51 na B-17 zaonekana hivyo katika picha za wakati ule. Watu waliotaka kupunguza hata uzito wa rangi hawakuthubutu kuiondoa hiyo. Hata leo ndege nyingi zina kiraka cha rangi ya giza mbele ya kioo cha rubani, nasi Mavivi tuna uwanja wa ndege. Wanafunzi wakiona ndege karibu, na waitazame pua yake.

Waendesha magari ya mashindano walifuata njia hiyohiyo. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 walioshinda ni Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller, wakiwa na gari la Datsun 240Z. Gari lao lilikuwa jekundu, lakini boneti yake ilikuwa nyeusi. Wenye kuona picha hudhani ni urembo tu. La, ilikuwa kazi ya kulinda macho ya mtu anayekimbiza gari toka alfajiri hadi usiku, katika vumbi na matope kama yetu.

JINSI YA KUFUNIKA BONETI

Mwenye gari asianze kwa kupaka rangi. Aanze kwa kujaribu. Asubuhi au jioni, gari likiwa limesimama na kuelekea jua, aketi mahali pa dereva. Mwenzake atandike kitambaa cheusi juu ya boneti na kukisogeza polepole, huku dereva akimwambia mahali ambapo mng’ao hutoweka. Hivyo atajua sehemu gani yahitaji kufunikwa. Mara nyingi si boneti nzima, bali ile sehemu iliyo mbele ya dereva, toka chini ya kioo hadi ukingo wa mbele. Asilitazame jua lenyewe wala mng’ao wake kwa muda mrefu.

Kisha achague moja katika njia tatu.

Njia ya kwanza ni rangi nyeusi isiyong’aa, na rangi ya ubao wa shule ni ya namna hiyo. Boneti isafishwe grisi na vumbi kwa sabuni, ikauke, isuguliwe kwa msasa mpaka mng’ao wa rangi ya zamani uishe, kisha ipakwe mara mbili, kila mara tabaka jembamba. Ikipakwa juu ya mng’ao bila msasa, itabanduka. Na rangi hii isipakwe nta wala kusuguliwa ing’ae, maana kazi yote itakuwa bure.

Njia ya pili ni plastiki ya kubandika isiyong’aa, ile watumiayo waandikaji wa mabango. Hubandikwa juu ya bati safi na kavu, nayo yaweza kuondolewa baadaye bila kuharibu rangi. Yafaa kwa gari lisilo mali ya dereva.

Njia ya tatu ni kifuniko cha turubai la rangi ya giza. Ni rahisi, lakini chahitaji uangalifu. Kifungwe kwa nguvu pande zote, kisipepee wala kuinuliwa na upepo mpaka kwenye kioo. Kisizibe tundu za kuingiza hewa kwenye injini wala mahali pa rejeta. Kiondolewe mara kwa mara, kwa kuwa mchanga ulionaswa chini yake hukwaruza rangi, na maji huleta kutu.

Wengine huuliza kama rangi nyeusi haitaitia injini joto. Bati lenyewe litakuwa na joto zaidi likikaa juani, hata mkono utalikwepa. Lakini injini hupozwa na maji ya rejeta na hewa ipitayo mbele. Kiraka juu ya boneti si jambo la kuitisha injini iliyo nzima.

NDANI YA GARI, NA JUU YA PIKIPIKI

Tusisahau yaliyo ndani. Katika magari mengi, mbele ya usukani hutandikwa kitambaa cheupe kilichofumwa vizuri, au huwekwa karatasi za safari. Vitu hivyo vyeupe huonekana ndani ya kioo cha mbele kama ukungu, navyo huificha barabara. Kitambaa kiwe cheusi, na karatasi ziwekwe mahali pengine. Mafuta ya kung’arisha plastiki hayafai mahali hapo. Tena kioo chenyewe kioshwe ndani na nje, kwa sababu kila punje ya vumbi na kila mkwaruzo huwaka jua likipiga.

Waendesha pikipiki, ambao ndio wengi katika njia zetu, nao wana jua lao la pili: tangi la mafuta, usukani wa chuma cheupe na kioo cha saa ya mwendo. Kipande cha kitambaa cheusi au plastiki isiyong’aa juu ya tangi chatosha. Kofia ya kinga yenye ukingo wa mbele huzuia jua la juu.

Hata hivyo, boneti nyeusi haiondoi jua la angani. Dereva aonaye vibaya hana budi kupunguza mwendo kwanza.

KANUNI YA KIVULI

Sasa twasema nanyi wanafunzi, mwendao kwa miguu. Hamna boneti ya kupaka, lakini mna kivuli. Jua likiwa chini, kivuli cha mtu huwa kirefu sana. Likiwa digrii 10 juu ya upeo, hupita mara 5 ya urefu wake. Gari likija, tazameni kivuli chenu kimeelekea wapi. Kikielekea gari, jueni ya kuwa dereva analitazama jua, na huenda hawaoni kabisa. Haidhuru gari latoka mbele au nyuma, kanuni ni moja. Basi, msivuke. Tokeni kando, mshikeni mdogo wenu mkono, mngoje lipite.

Walimu waweza kulifundisha jambo hili uwanjani kwa dakika 10, kwa fimbo moja iliyosimikwa na sufuria mbili, moja yenye masizi na moja iliyosuguliwa. Wazazi wenye magari na pikipiki waweza kulifanyia kazi Jumamosi moja kwa kopo la rangi na kipande cha msasa. Gari lililong’arishwa hupendeza siku ya arusi, lakini wapitao kando ya njia hawahitaji gari lipendeze. Wahitaji dereva awaone.