Uingereza: Kwa nini klabu za bolingi ya nyasi hufunga safari ya pwani kila mwaka

Kiangazi kinapoelekea ukingoni, katika barabara zitokazo miji ya kati ya Uingereza kuelekea baharini, huonekana mabasi ya kukodi yaliyojaa watu wa makamo na wazee, wengi wao wakiwa wamevaa fulana za rangi moja zenye nembo kifuani. Kwenye sehemu ya mizigo hupangwa mifuko midogo ambayo uzito wake haulingani na ukubwa wake. Ndani ya kila mfuko mna matufe manne na jozi ya viatu vyenye soli bapa.

Hao ni wanachama wa klabu za mchezo wa bolingi ya nyasi, nao wamo katika ziara yao ya mwisho wa juma. Aghalabu huondoka Ijumaa na kurejea Jumapili jioni au Jumatatu. Katikati ya siku hizo hucheza mechi mbili au tatu dhidi ya klabu za miji ya pwani kama vile Skegness, Great Yarmouth, Worthing, Eastbourne, Bournemouth au Torquay. Wengine huvuka na kuingia Wales, hadi Llandudno.

Kwa mtazamaji wa mbali, hayo ni matembezi ya wastaafu na hakuna zaidi. Lakini kwa klabu ndogo, ile inayosafiri na ile inayopokea wageni, ziara hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoamua iwapo kiwanja kitafunguliwa tena mwaka ujao.

Mchezo wa kulenga pembeni

Bolingi ya nyasi haifanani na ile inayochezwa ndani ya majumba ya starehe, ambako mchezaji huangusha pini kumi kwa tufe lenye matundu ya vidole. Hii huchezwa kwenye kiwanja cha nyasi zilizokatwa zikabaki fupi mno, milimita chache tu kutoka ardhini. Urefu wa kiwanja ni kati ya mita 31 na 40, na pembezoni mwake pana mtaro mdogo. Kiwanja cha kawaida hugawanywa kuwa njia sita, na kila njia huwa na mechi yake.

Mchezaji hukanyaga mkeka mdogo na kuviringisha tufe lenye uzito wa takriban kilo moja na nusu ili lisimame karibu iwezekanavyo na kijitufe cheupe au cha njano kiitwacho jeki. (Haina uhusiano wowote na jeki ya kuinulia gari.) Timu ambayo tufe lake limekaa karibu zaidi na jeki hupata alama, kisha mchezo huanza upya kutoka upande wa pili.

Ugumu upo katika umbo la tufe. Halikuchongwa likawa duara kamili. Ubavu mmoja umepunjwa kidogo, hivyo kadiri tufe linavyopoteza mwendo ndivyo linavyozidi kupinda kuelekea upande huo. Anayelenga jeki moja kwa moja ataikosa. Inambidi alenge pembeni, wakati mwingine kwa zaidi ya mita moja, na kuliachia tufe lenyewe lirudi. Mkono hujifunza kazi hiyo kwa miaka, na ndiyo maana mwanamke wa miaka 75 anaweza kumshinda kijana mwenye misuli bila kutokwa na jasho.

Hakuna kukimbia wala kugongana. Asiyeweza kuinama hutumia kishikio kirefu kinachobana tufe na kuliachia karibu na nyasi. Wapo wanaocheza kwenye viti vya magurudumu mapana yasiyochimba kiwanja. Kaskazini mwa Uingereza kuna aina nyingine ya mchezo huu, ambayo kiwanja chake kina mwinuko katikati, na Blackpool ndiyo makao yake mashuhuri. Lakini klabu nyingi za ziara tunazozizungumzia hapa hucheza kwenye kiwanja tambarare.

Nyasi zilizotoka baharini

Uhusiano wa mchezo huu na bahari ni wa kale kuliko mabasi. Kiwanja cha Southampton, mji wa bandari wa kusini, kinatajwa kuwa kilikuwapo tangu mwaka 1299. Kisa kinachosimuliwa mno ni kile cha Francis Drake, nahodha aliyedaiwa kumaliza kwanza mchezo wake huko Plymouth mwaka 1588 huku manowari za Hispania zikikaribia. Wanahistoria wengi wanakitilia shaka, lakini Waingereza wanakipenda, na hakuna ziara ya pwani isiyokuwa na mtu wa kukikumbusha.

Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba kwa karne tatu watu wa kawaida walikatazwa kucheza. Sheria ya mwaka 1541, enzi za Mfalme Henry VIII, iliwazuia mafundi, vibarua na wanagenzi kucheza bolingi isipokuwa wakati wa Krismasi, tena nyumbani kwa mabwana zao. Mwenye ardhi ya kumpatia pauni 100 kwa mwaka aliweza kupata kibali cha kuwa na kiwanja chake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1845. Miaka michache baadaye, mkazi wa Glasgow aitwaye W. W. Mitchell aliandika kanuni ambazo ndizo msingi wa mchezo wa leo. Mwaka 1903 chama cha Uingereza kikaundwa, na rais wake wa kwanza akawa W. G. Grace, mchezaji kriketi aliyekuwa mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1931 kupata chama chao cha taifa. Vyama hivyo viwili viliungana mwaka 2008 na kuwa Bowls England.

Wakati mchezo ukiwafikia watu wengi, reli zilikuwa zimekwisha kuwafikisha watu hao pwani. Sheria ya sikukuu za benki ya mwaka 1871, kisha ile ya likizo yenye malipo ya mwaka 1938, ziliwawezesha wafanyakazi wa viwandani kuiona bahari. Halmashauri za miji ya pwani zikashindana kujenga bustani, majukwaa ya muziki na viwanja vya bolingi kando ya ufuo. Worthing ilipiga hatua zaidi: bustani yake ya Beach House Park ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya wanaume mwaka 1972 na tena 1992.

Hata nyasi zenyewe zilisafiri. Nyasi zilizothaminiwa kuliko zote kwa viwanja vya bara zilikatwa vipande vipande kutoka mabwawa ya chumvi ya kaskazini-magharibi, hasa pwani ya Cumberland, ambako maji ya bahari huzifunika na kuondoka. Zilikuwa laini na zenye kushikamana. Zilipohamishiwa mbali na chumvi ziliwasumbua watunzaji, kwa kuwa nyasi za kawaida za bara zilizivamia na kuzishinda.

Siku tatu zinavyokwenda

Wageni hufikia hoteli yenye kifungua kinywa na chakula cha jioni. Wenye hoteli huzipenda klabu hizi, kwa sababu huja Mei au Septemba, wakati familia zenye watoto wa shule hazipo na vyumba viko wazi.

Mechi huanza mchana. Mara nyingi hutanguliwa na mchezo wa utani uitwao buibui: wachezaji wote, wageni kwa wenyeji, huzunguka kingo nne za kiwanja na kuviringisha tufe mojamoja kwa wakati mmoja kuelekea jeki iliyowekwa katikati. Matufe hugongana, kicheko hutawala, na mwenye tufe lililo karibu zaidi hupewa zawadi ndogo. Kisha watu hupeana mikono na mchezo wenyewe huanza.

Hapo ndipo mgeni wa bara huonja ugumu wa pwani. Kiwanja cha nyumbani anakijua kama anavyoujua ua wake, mahali kinapoinama na mahali pasipo na jua. Hapa hajui lolote. Tena kuna upepo. Upepo wa baharini unaokata kiwanja kwa ubavu hulikuta tufe katika mita zake za mwisho, pale linapokaribia kusimama na kuanza kupinda, nao huweza kulifungulia au kulifungia njia. Wenyeji wanajua kwamba alasiri upepo huweza kubadilika; wengine husema, wengine hunyamaza. Ni sehemu ya ukarimu kutosema yote.

Baada ya mizunguko 18 huja chai. Ni sandwichi, keki zilizookwa na wanachama, na bahati nasibu ambayo zawadi yake huweza kuwa chupa ya mvinyo au kikapu cha matunda. Manahodha hutoa hotuba fupi na kubadilishana vibendera vya klabu. Matokeo husomwa, nayo husahaulika upesi. Usiku, hotelini, huweza kuketi mahakama ya mzaha inayowatoza wachezaji faini za sarafu kwa makosa ya kubuni, kama kusahau tai ya ziara au kulisifu tufe la mpinzani kupita kiasi.

Humo safarini yumo pia mjane au mgane anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakuna anayemtangaza. Hupewa kiti, hupewa chumba karibu na rafiki, na hupangwa kwenye kikosi cha watu watatu kinachomhitaji. Mtu akihitajika saa nane mchana mahali fulani, huwa na sababu ya kuvaa viatu.

Hesabu ya basi

Tuseme kiwanja kina njia sita na kila njia inachezwa na vikosi vya watu watatu. Klabu mgeni inahitaji wachezaji 18, na mwenyeji vilevile 18. Ongeza wenzi wasiocheza, na basi linakaribia kujaa.

Sasa tuseme klabu imebakiwa na wanachama 22, na saba kati yao hawawezi tena kusafiri. Wanabaki 15. Njia moja haitachezwa, lakini gharama ya basi haipungui, kwani mwenye gari hutoza safari, si abiria. Nauli iliyogawanywa kwa watu 40 sasa inagawanywa kwa 18 au 20. Wenye pensheni ndogo hujitoa wakati huo, nao wakijitoa nauli hupanda tena. Baadhi ya klabu zimeanza kusafiri mbili kwa pamoja chini ya jina la muda, au kwenda kwa magari binafsi, jambo linalowaacha nyuma wale wasioendesha.

Upande wa pili, Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu bajeti za halmashauri zilipobanwa baada ya mwaka 2010, halmashauri nyingi zimeacha kutunza viwanja na kuwakabidhi wanachama kazi hiyo. Klabu iliyokuwa ikilipa ada ya kawaida sasa inatafuta mashine ya kukatia nyasi, mbolea, maji na mtu wa kuifanya kazi. Msimu ukiisha Septemba, kiwanja hukwanguliwa, hutobolewa matundu ili udongo upumue, hupandwa mbegu na kumwagiwa tabaka la mchanga na udongo. Kazi hiyo isipofanyika, majira yajayo hakuna mchezo wa maana. Fedha za baa, chai na bahati nasibu za ziara ndizo hununua mchanga huo katika klabu nyingi. Ziara tatu zikifutwa kiangazi kimoja, mweka hazina huona pengo. Na kiwanja kilicho kando ya bahari ni ardhi tambarare yenye mandhari. Kikikaa bila klabu, mapendekezo ya kukitumia kwa jambo jingine hayachelewi.

Lango liko wazi kwa nani?

Bolingi ya nyasi imo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwaka 1930, ikikosekana mara moja tu, 1966. Zimbabwe ilitwaa dhahabu ya wanawake watatu huko Brisbane mwaka 1982. Kenya nayo imewahi kupeleka wachezaji, kutokana na viwanja vilivyoachwa katika klabu kongwe za enzi ya ukoloni, klabu ambazo zamani hazikumruhusu Mwafrika kuingia kama mwanachama. Si ajabu basi kwamba Waafrika wengi waishio Ulaya wakipita kando ya uzio wa kiwanja hudhani pale si mahali pao.

Hali ya sasa ni tofauti na dhana hiyo. Klabu nyingi zinatafuta wanachama kwa udi na uvumba. Wapo pia miongoni mwa wasikilizaji wetu wanaowahudumia wazee kwa kazi ya mshahara, na huenda mzee wanayemvalisha soksi kila asubuhi alikuwa mchezaji wa miaka 40. Kumuuliza alicheza nafasi gani ni njia nzuri ya kuanzisha mazungumzo.

Anayetaka kujaribu hahitaji kununua chochote. Katika miaka ya karibuni Bowls England imekuwa ikiandaa mwisho wa juma wa milango wazi majira ya machipuko, na klabu nyingi huwa na siku zake za kukaribisha wapya tangu Aprili, viwanja vinapofunguliwa. Matufe huazimwa bure klabuni. Masharti ni viatu vyenye soli bapa, visivyo na kisigino wala meno, ili nyasi zisiumie. Watoto huruhusiwa mahali pengi, wakipewa matufe madogo. Kuhusu ziara ya pwani, orodha ya majina hubandikwa ukutani mwanzoni mwa msimu, na kwa kawaida mwanachama wa mwezi mmoja huandika jina lake sawa na yule wa miaka 30.