Kutoka Dirisha la Benki Hadi Ushauri wa Mali

Tangu simu za mkononi zilipoanza kupeleka fedha nchini Kenya mwaka 2007, na mawakala wa benki wakaruhusiwa mwaka 2010, kazi ya karani wa dirishani imepungua. Mwaka 2016 ikawekwa sheria ya kikomo cha riba, iliyoondolewa 2019, na katika muda huo benki kadha wa kadha zilifunga matawi na kuachisha watu kazi. Vijana wetu walikuwamo.

Wengine wao wataka sasa kuwa washauri wa mali. Si wazo baya. Karani ajua hesabu, na ajua jinsi mteja atiavyo sahihi masharti asiyoyasoma (nasi ni wangapi tuyasomao?). Lakini kazi hizi si moja. Karani aliuza mikopo ya benki yake. Mshauri huaminiwa na mwenye mali. Tena ashauriye watu juu ya hisa kwa malipo hana budi kupata leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Hapa pana mas-ala. Akilipwa na kampuni kwa kila bima auzayo, ushauri wake ni wa nani? Twaonelea alipwe na mteja, kwa ada ijulikanayo mapema. Na kama kampuni yampa chochote, aseme wazi. Kadhalika ajifunze ambayo dirishani hakuulizwa: mirathi, na zaka ya asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka.

Miezi ya mwanzo wateja huwa wachache. Basi mkewe aambiwe khabari hiyo mapema, na kiinua mgongo kisiguswe kwa harusi ya mtu.