Simu inapoharibu Kiiraqw
Wazazi wa Mbulu na Hanang wanaomwandikia bibi wa mtoto kwa Kiiraqw wanaijua kero hii: unaandika ma'ay (maji) au slee (ng'ombe), simu inakubadilishia neno. Bibi akiwa ameachiwa mtoto anayeharisha, ujumbe wa kiasi cha maji ya kukorogea ORS haufai kufika umevurugika.

Fungua mipangilio ya kibodi, zima kusahihisha maneno, kisha ongeza maneno ya nyumbani kwenye kamusi binafsi. Mkwaju unaoanza /ameeni (mwanamke) uko kwenye ukurasa wa namba na alama. Wengi huuruka, kumbe ni herufi kamili, sauti ya kooni. Bibi hasomi? Mrekodie sauti.