Figo za kupandikizwa: Je, kosa ni la damu ya Mwafrika?

HUENDA, msomaji, umewahi kusikia ikisemwa kwamba mwili wa mtu mweusi huikataa figo ya kupandikizwa upesi kuliko wa Mzungu. Maneno hayo yana chanzo. Kwa miaka mingi rekodi za hospitali za Marekani zimeonyesha kwamba figo wanazopandikizwa Wamarekani Weusi kwa wastani hazidumu kama zile za Weupe. Lakini je, lawama ni ya damu?

Tazama kwanza dawa. Aliyepandikizwa figo hana budi kumeza dawa kila siku ili kinga ya mwili isiishambulie figo hiyo ngeni. Mojawapo ni takrolimasi. Miili ya watu wengi wenye asili ya Kiafrika huimaliza dawa hii haraka, na kipimo kinachomtosha Mzungu huenda kisiwatoshe wao. Dawa yake ni rahisi: daktari hupima damu na kuongeza kipimo.

Pili ni nasaba. Mnamo 2010 wanasayansi walitambua aina fulani za jeni iitwayo APOL1, ambazo huonekana sana kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Jeni hizo husaidia kukinga ugonjwa wa malale, lakini anayerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, figo zake huwa hatarini zaidi. Figo iliyotolewa na mtu kama huyo pia huelekea kuchoka mapema, hata ipewe nani. Hapo shida ni ya figo iliyotolewa, wala si ya mwili ulioipokea.

Tatu ni pesa. Bima ya serikali ya Marekani, Medicare, iliwalipia wagonjwa wengi wa figo dawa hizo kwa miezi 36 pekee baada ya upasuaji. Baada ya hapo, asiye na kitu aliruka tembe na figo ikafa. Sheria ya kurekebisha hayo ilipitishwa Desemba 2020, na malipo mapya yakaanza Januari 2023.

La nne ni hesabu. Kwa miaka mingi, maabara nyingi zilitumia kanuni iliyozidisha matokeo ya mtu mweusi kwa 1.21, kwa dhana kwamba ana misuli mingi. Kuingia foleni ya figo kulihitaji alama 20 au chini. Mzungu mwenye 17 aliingia. Mweusi mwenye 17 hiyo hiyo aliandikiwa zaidi ya 20, akaambiwa angoje. Na kadiri mtu anavyokaa kwenye mashine ya kusafisha damu, ndivyo figo atakayopewa inavyopungukiwa na nafasi ya kudumu. Kanuni hiyo ilipigwa marufuku katika foleni hiyo mwaka 2022, na mwaka uliofuata hospitali zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa Weusi muda waliopunjwa.

Basi, ikiwa nyumbani kwako kuna aliyepandikizwa figo, usimwache akate tamaa kwa sababu ya rangi yake. Mhimize aulize daktari kama kiwango cha dawa katika damu yake kinatosha. Asiruke tembe hata siku moja, na pesa zikipungua, aseme mapema kabla chupa haijakauka. Naye ndugu anayejitolea kutoa figo achunguzwe vyema kwanza, kwa faida ya wote wawili.