Udaktari Huanzia Kwenye Kemia

Abraham Flexner alipotoa ripoti yake kuhusu shule za udaktari za Marekani mwaka 1910, watu weusi walikuwa na shule 7. Alishauri zibaki 2 tu: Howard ya Washington na Meharry ya Nashville. Zile 5 zikafungwa, na shule za wazungu hazikuwafungulia vijana weusi milango. Pengo hilo halijazibwa hadi leo. Katika kila Wamarekani 100, weusi ni kama 13. Katika kila madaktari 100, hawafiki 6. Anayeumia ni mgonjwa. Utafiti uliofanyika Oakland, California, ulionyesha kuwa wanaume weusi walikubali zaidi kupimwa kisukari na lehemu walipohudumiwa na daktari mweusi.

Mjadala huishia kwenye sifa za kujiunga na shule za udaktari. Kwa maoni yangu, wengi hupotea mapema zaidi, mwaka wa kwanza wa chuo, kwenye kemia. Vyuo vingi hulitumia somo hilo kama chekecheo: anayeanguka huambiwa atafute fani nyingine. Mtoto wa daktari akipata alama mbaya, nyumbani yupo wa kumwambia kwamba hata yeye aliwahi kuanguka. Asiye na mtu kama huyo huamini alichoambiwa.

Chuo Kikuu cha Xavier cha New Orleans, chuo kidogo cha Kikatoliki cha watu weusi, kiliongoza kwa miaka mingi nchini humo kwa idadi ya wahitimu weusi wanaoingia shule za udaktari. Miaka ya 1970 walimu wake wa sayansi walikaa pamoja, wakaandika vitabu vyao vya mazoezi na kukubaliana kwenda kwa mwendo mmoja. Majaribio ni ya mara kwa mara, ili anayebaki nyuma aonekane mapema. Wanafunzi husoma kwa vikundi, aliyeelewa akimweleza mwenzake. Wakati wa kuomba nafasi ukifika, mshauri hupitia barua ya maombi pamoja na mwanafunzi, kisha humfanyisha mazoezi ya usaili. Kemia yenyewe haikurahisishwa.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivizuia vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji. Inauma. Lakini hukumu hiyo haigusi namna kemia inavyofundishwa, wala haimzuii mkuu wa chuo kuajiri mshauri mwenye nafasi ya kuisoma barua ya mwanafunzi hata mara ya nne.