Kichwa Kipya cha Risasi Kisicho na Vipimo: Mtumiaji Afanye Nini?

Hapa Marekani, mwenye bunduki anaruhusiwa kujijazia risasi zake mwenyewe nyumbani. Huchukua ganda lililokwisha kupigwa, akatia fataki mpya ya kuwashia, akapima baruti, kisha akakaza kichwa kipya juu yake. Wengi hufanya hivyo ili kupunguza gharama. Swali tunalolijibu hapa ni la yule aliyenunua kichwa cha aina mpya kwa ajili ya bunduki yake ya wenzo, akafungua kitabu chake cha vipimo, asikione humo.

Jibu letu ni fupi: usijaze mpaka upate vipimo vya kichwa hicho hicho. Sababu zake ndizo ndefu.

Kwa nini bunduki ya wenzo ina masharti yake

Katika bunduki nyingi za aina hii, kama vile Winchester 1894 na Marlin 336, risasi hukaa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Ncha ya risasi ya nyuma huelekea fataki ya ile ya mbele. Bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, ncha kali na ngumu yaweza kuigonga fataki hiyo, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, karibu na mkono wa mpigaji. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka mia moja vichwa vya bunduki hizi vilikuwa bapa au butu. Baadaye kampuni ya Hornady ilileta vichwa vyenye ncha laini inayobonyea, navyo vimeruhusiwa na watengenezaji wake kutumika katika bomba. Ruhusa hiyo haihamii kwa kichwa kingine chenye ncha kali. Soma kwanza kwenye kasha kama kinafaa kwa bunduki ya bomba. Kama halisemi, muulize mtengenezaji.

Uzito kuwa sawa hautoshi

Kosa tunaloliogopa zaidi ni hili: mtu ana kichwa kipya cha greni 150, anaona katika kitabu kipimo cha kichwa kingine cha greni 150, naye anakitumia. Uzito ni mmoja, lakini vichwa ni viwili.

Tazama kichwa cha shaba tupu. Watu wengi wamevihamia vichwa hivi, hasa California, ambako tangu tarehe 1 Julai 2019 ni marufuku kuwinda kwa vichwa vyenye madini ya risasi. Sentimita moja ya ujazo ya madini hayo ina uzito wa gramu 11.3, ya shaba haifiki gramu 9. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito ule ule na unene ule ule hakina budi kuwa kirefu zaidi. Urefu huo wa ziada huzama ndani ya ganda na kuipunguzia baruti nafasi, na shinikizo la gesi hupanda. Risasi ya .30-30 imewekewa kikomo cha pauni 42,000 kwa kila inchi ya mraba, ile ya.45-70, pauni 28,000 tu. Jicho halioni kikomo kinapovukwa.

Wakati mwingine hata ganda lenyewe hubadilika. Ganda la .45-70, lenye urefu wa inchi 2.105, hutakiwa kupunguzwa hadi inchi 2.040 likitumiwa na kichwa cha Hornady chenye ncha laini. Asiyesoma maelezo hayo hawezi kuyabuni.

Mahali pa kutafuta

Anza kwa mtengenezaji wa kichwa. Kitabu chake cha zamani kikiwa hakina habari, huenda vipimo viko katika toleo jipya au katika tovuti yake. Kisha mwendee mtengenezaji wa baruti, ambaye naye hupima na kutangaza. Ukikosa kote, wapigie simu au uwaandikie, ukitaja jina kamili la kichwa, namba iliyo kwenye kasha, aina ya risasi na bunduki yako. Vipimo ulivyopewa na rafiki au muuza duka, hata akiwa mwaminifu, havina mashine ya kupimia shinikizo nyuma yake.

Ukivipata, hakikisha upo katika ukurasa wa bunduki yako. Vitabu vingi huigawa .45-70 katika makundi matatu: bunduki dhaifu za kijeshi zilizoanza mwaka 1873, bunduki za wenzo, na bunduki imara za risasi moja moja. Kipimo cha kundi la tatu chaweza kuivunja bunduki ya kundi la kwanza.

Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, wala usishuke chini yake. Panda kidogo kidogo, na ukiona fataki imebapa kupita kawaida au wenzo unafunguka kwa shida, acha.

Nani anakulinda?

Ni vema mtumiaji ajue kwamba sheria ya mwaka 1976 iliizuia tume ya serikali kuu ya usalama wa bidhaa isitoe amri ya kubana utengenezaji au uuzaji wa risasi na sehemu zake, baruti ikiwemo. Viwango vya shinikizo hupangwa na SAAMI, chama cha watengenezaji kilichoanzishwa mwaka 1926, na ni vya hiari. Hakuna mkaguzi atakayefika kwenye meza yako. Kwa sababu hiyo sisi wenyewe hatukuandika hapa kipimo hata kimoja cha baruti: anayestahili kukupa ni yule aliyekipima.

Kama hakuna aliyekipima, rudisha kasha dukani au liweke kabatini likiwa limefungwa. Bei yake ni ndogo kuliko ya jicho.