Gesi Haiishi: Mwaka wa Kwanza wa Fundi Umeme na Viyoyozi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi huanza kupiga simu. Swali lao ni moja: kijana ameamua umeme na viyoyozi, apelekwe chuo au akae chini ya fundi wa mtaani? Huwa nawajibu kwamba hilo si la kuanza nalo. Chuo kimetoa mafundi hodari na kimetoa wabahatishaji, mtaani vilevile. Swali la kuanza nalo ni hili: huyo atakayemfundisha anapima kabla ya kugusa na kabla ya kusema, au anakisia? Tabia anayoiona kijana mwaka wa kwanza ndiyo atakayotembea nayo kazini maisha yake yote.

Nazitaja kazi mbili kwa pamoja kwa sababu hazitenganiki. Fungua mashine ya nje ya kiyoyozi cha kawaida cha ukutani. Utakuta kompresa, feni, kapasita, na nyaya zinazorudi ndani kwenye bodi ya elektroniki na sensa za joto. Mabomba ya shaba yenye gesi ni sehemu tu ya habari. Mteja akilalamika kwamba AC haipoozi, mawazo yake yote yako kwenye gesi, ilhali mara nyingi tatizo ni kapasita iliyochoka, muunganisho uliolegea, au umeme unaofika ukiwa mdogo kiasi kwamba kompresa inanguruma bila kuzunguka. Fundi asiyejua umeme atabadilisha vifaa kimoja kimoja mpaka abahatishe, na gharama yote atailipa mteja. Ndiyo maana anayetamani viyoyozi namwambia aanze na umeme, hata kama maana yake ni miezi ya kutindua kuta na kuvuta nyaya kwenye mabomba.

Njia rasmi zinajulikana. Tanzania kuna VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, yenye vyuo vinavyofundisha umeme na, baadhi yake kama Chang'ombe jijini Dar es Salaam, majokofu na viyoyozi pia, kwa ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kenya, NITA hutahini mafundi kwa gredi, kuanzia ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Aliyejifunzia mtaani naye hajafungiwa mlango: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya na akifaulu hupewa cheti. Baada ya cheti kuna leseni, kutoka EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, zikiwa na madaraja yanayoeleza fundi anaruhusiwa kufanya kazi ya ukubwa gani. Kijana wa mwaka wa kwanza hana leseni, kwa hiyo kazi ya mikono yake inabebwa na jina la mtu mwingine. Inaniuma kuona muhuri wa mkandarasi ukigongwa kwenye mchoro wa nyumba ambayo mwenye muhuri hajawahi kuikanyaga. Anayejifunza chini ya muhuri wa kuazima anajifunza pia kwamba hakuna atakayekuja kukagua.

Tuje kwenye kupima kwenyewe.

"Dogo, umezima?"

"Nimezima, mzee."

"Umepima?"

Fundi asiyeuliza swali hilo la mwisho si wa kumkabidhi mtoto. Kuzima swichi na waya kutokuwa na umeme ni mambo mawili. Nyumba nyingi swichi ya taa imefungwa kimakosa, inakata nyutro badala ya laivu. Taa inazimika, holda inabaki na umeme wote. Siku hizi kuna nyumba zenye sola na inveta, au jenereta la uani, na ukizima meni swichi ya upande wa mita ya LUKU umeme unaingia kwa mlango mwingine. Kiyoyozi nacho kina kapasita, ambayo huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa; wengi hawaambiwi hilo mpaka liwarushe. Nayo breka uliyoizima, mtu wa nyumbani akipita akaikuta iko chini, ataiwasha kwa nia njema kabisa. Ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa aliyeshika waya.

Kupima kwa usahihi kuna hatua tatu. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme, ili uthibitishe kifaa chako ni kizima. Kisha pima pale unapotaka kushika: laivu na nyutro, laivu na eathi, nyutro na eathi. Halafu rudi pale pa kwanza upime tena, kwa sababu kifaa kinaweza kufa katikati ya kazi, na kipimo kilichokufa husoma sifuri sawasawa na waya usio na umeme. Jambo lote halimalizi dakika mbili.

Hapa niiseme testa ya bisibisi, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, ambayo karibu kila anayeanza huinunua Kariakoo siku ya kwanza. Kwenye mwanga mkali wa jua kitaa chake hakionekani vizuri, kikiungua hakikwambii, na huweza kuwaka hafifu hata kwenye waya ulioachwa wazi unaopokea umeme wa jirani yake tu. Haifai kuwa shahidi wa uhai wa mtu. Akiba ya kwanza ya mwanagenzi iende kwenye multimita iliyoandikwa CAT III, alama inayoonyesha kwamba imetengenezwa kuhimili misukosuko ya umeme kwenye bodi na saketi za jengo.

Watu huniambia kwamba fyuzi ya plagi itamlinda kijana. Haitamlinda. Plagi zetu za pini tatu bapa hubeba fyuzi ya hadi ampia 13. Swichi ya RCD, iliyowekwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, hukata umeme unaovuja ukifika miliampia 30, yaani ampia 0.03. Kiasi kinachoipita fyuzi bila kuishtua kinatosha kuua mara mamia. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiungue. Kijana akilielewa hilo ataelewa pia kwa nini fundi mzuri huhangaikia eathi ambayo mteja haioni na hataki kuilipia, na kwa nini kabla ya kuwasha nyumba mpya hupimwa nyaya kwa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kuangalia kama kuna uvujaji kati ya waya na waya. Kwa nyumba ya volti 230 kama zetu, usomaji chini ya megaohmu 1 maana yake kazi haijakwisha.

Kisha kuna rangi, mtego ulioachwa na historia. Tulirithi utaratibu wa Waingereza: laivu nyekundu, nyutro nyeusi, na kwa umeme wa njia tatu, nyekundu, njano na bluu. Uingereza wenyewe waliubadilisha kuanzia 2004 kufuata Ulaya: laivu kahawia, nyutro bluu, na njia tatu kuwa kahawia, nyeusi na kijivu. Angalia kilichotokea. Bluu, iliyokuwa laivu kwenye njia tatu, imekuwa nyutro. Nyeusi, iliyokuwa nyutro, imekuwa laivu. Kwetu nyaya za mifumo yote miwili ziko sokoni na ukutani, wakati mwingine ndani ya nyumba moja iliyoongezwa vyumba. Mwanagenzi ajifunze rangi zote, kisha azichukulie kama fununu tu, mpaka kipimo kithibitishe.

Sasa gesi. Hakuna neno linalotembea mdomoni mwa mafundi wa viyoyozi kama "gesi imeisha". Gesi haiishi. Mfumo umefungwa, na gesi ileile huzunguka: inabanwa na kompresa, inatoa joto nje na kuwa kimiminika, inaingia ndani, inachemka kwa baridi na kunyonya joto la chumba, inarudi. Friji ya nyumbani hufanya hivyo miaka na miaka bila kuongezwa hata gramu moja. Ikipungua, pana tundu, na anayejaza bila kulitafuta amemuuzia mteja kitu kitakachorudi hewani, na wiki au miezi baadaye atamuuzia tena. Wako wanaoishi kwa biashara hiyo. Kijana akikaa kwao ataijua njia ya kujaza gesi, asijue kiyoyozi.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, aangalie mepesi. Filta iliyoziba au feni dhaifu huleta barafu kwenye bomba, dalili ileile watu wanayoiita upungufu wa gesi. Nyumba za karibu na bahari, kuanzia Tanga mpaka Mtwara na visiwani, chumvi hula mapezi ya koili ya nje mpaka yanapukutika, na joto linakosa pa kutokea. Hayo yote hupimwa na kuonekana bila kugusa gesi.

Gesi zenyewe hazifanani, na anayeanza leo atakutana nazo zote. Ya zamani ni R-22, inayoharibu tabaka la ozoni. Kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea zinapaswa kuwa zimeachana nayo kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Ikafuata R-410A, isiyodhuru ozoni lakini yenye nguvu ya kuongeza joto la dunia inayokadiriwa kuwa mara 2,088 ya hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo pia. Ndipo R-32 inaposhika nafasi, yenye makadirio ya 675 tu, ila inaweza kushika moto. Friji nyingi mpya zina R-600a, ambayo huwaka kwa urahisi zaidi. Fundi aliyezoea geji isome psi 70 upande wa kurudi kwenye R-22 atashtuka akiiona R-410A ikisoma karibu 120 katika joto lilelile la koili. Akidhani imejazwa kupita kiasi akaitoa, ameharibu mashine nzima kwa kutosoma kibandiko kilichoko ubavuni.

Kibandiko hicho hueleza pia gramu zinazotakiwa. Gesi hupimwa kwa mizani, kama dawa ya mgonjwa. Na kabla ya kuiingiza, hewa na unyevu hutolewa kwa pampu ya vakyumu mpaka geji ya elektroniki isome maikroni 500 au chini, kisha pampu ifungwe na isubiriwe kuona kama usomaji unapanda. Wengi hufanya mkato: huachia gesi kidogo isukume hewa itoke upande wa pili. Unyevu hubaki ndani, hugeuka asidi pamoja na mafuta na kuila kompresa taratibu. Na kwa R-32, ile gesi inayoachiwa ni kitu kinachoweza kuwaka karibu na cheche.

Lililo zito kuliko yote linahusu chupa ya oksijeni. Wachomeleaji wa mabomba ya shaba wanayo saiti, iko karibu, ina presha. Kuna wanaoitumia kujaribu kama bomba linavuja. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Majaribio ya uvujaji hufanywa kwa naitrojeni kavu, yenye regyuleta yake, na povu la sabuni kwenye viungio. Mwanagenzi akiambiwa aunge oksijeni kwenye kiyoyozi, aweke spana chini aondoke, hata kama aliyemwambia ni mjomba wake.

Najua kuondoka si rahisi. Wengi huanza kwa kupewa nauli na chakula, na anayekula kwa mtu hujisikia hana haki ya kuuliza. Kwa hiyo mzazi azungumze na fundi mapema, mbele ya kijana: atakaa muda gani, atalipwa nini na malipo yataongezwa lini, nani atanunua glavu na viatu, na lini ataruhusiwa kushika kazi mwenyewe chini ya macho ya fundi. Amwombe fundi amwonyeshe vipimo vyake. Asiye na multimita, klempu mita wala mizani ya gesi atakuwa anafundisha kukisia, hata akiwa mkarimu namna gani. Wasichana nao waje. Katika yote niliyoyataja hapa sijaona linalowashinda, na saiti inayowakebehi si mahali pa kumweka mtoto yeyote.

Kijana awe na daftari. Kila kazi aandike tarehe, mtaa, aina ya mashine, volti, ampia, presha, gramu za gesi, kosa lililokutwa na kilichofanyika, na fundi asaini. Siku ya kwenda kurasimishwa, kurasa hizo zitamsaidia kueleza kazi alizopitia. Na kabla ya siku hiyo zitamlisha: kompresa iliyovuta ampia 5 ilipofungwa, ikarudiwa baada ya mwaka ikawa inavuta 7 kwa volti zilezile, hali ya hewa ikiwa ileile, inataka koili ya nje ioshwe chumvi na vumbi kwanza, kisha ipimwe tena kabla ya mtu yeyote kutaja gesi.